Kutega kamera porini: njia kwanza, mti baadaye

Mara ya kwanza nilipotega porini kamera inayojifyatua mnyama akipita, niliiacha siku kumi na mbili. Niliporudi nilikuta picha zaidi ya elfu nne, na karibu zote zilikuwa za unyasi mmoja mrefu uliopepea mbele ya lenzi kutwa kucha. Nikauzunguka ule mti nikitafuta pa kuihamishia kamera, ndipo nikaona: hatua nne nyuma yake, kwenye udongo laini, nyayo mbichi za kwato, kubwa na ndogo, mama na mtoto. Walikuwa wamepita mgongoni mwa kamera, tena si mara moja.

Kosa lilikuwa kwamba nilichagua mti kwanza, kwa kuwa ulinyooka na mkanda ungeukaa vizuri, kisha nikatumaini wanyama watakuja kupita mbele yake. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kinyume. Unaanza na mnyama na mapito yake, mti unakuja baadaye. Nitamtaja kulungu mara nyingi, nikiwa na maana ya yule anayeitwa deer kwa Kiingereza, ambaye pembe zake huanguka na kuota upya, lakini mengi ya hapa yanafaa pia kwa swala, paa, nguruwe pori, nungunungu, na wala nyama wanaowafuata.

Kamera inaona nini hasa

Kabla ya kuingia porini ni lazima uelewe kifaa ulichobeba, maana makosa mengi yanatokana na kudhani kwamba kamera ya mtego inatazama kama jicho. Haitazami. Muda mwingi imelala. Kinachokesha ni kihisi kidogo karibu na lenzi, ambacho hupokea mionzi ya infraredi, yaani joto linalotoka kwenye vitu. Mbele ya kihisi kuna kioo chembamba cha plastiki chenye mistari mistari, na kazi yake ni kuugawa uwanja ulio mbele katika vipande. Joto likihama kutoka kipande kimoja kwenda kingine, kamera inaamka na kupiga.

Maana yake ni kwamba mambo mawili lazima yawepo kwa pamoja: kitu chenye joto tofauti na mazingira yake, na kitu hicho kiwe kinasogea. Ukilishika hilo, mengi yanayowachanganya watu yanaeleweka. Mnyama anayekatiza mbele ya kamera anavuka vipande vingi kwa haraka, kwa hiyo ananaswa mapema. Anayekuja akiielekea kamera moja kwa moja anabaki ndani ya kipande kilekile, na unaweza kumpata akiwa ameshafika, pua imejaa picha nzima. Asubuhi ya baridi hata sungura aliye mbali huamsha kihisi. Adhuhuri ya jua kali, ardhi na hewa vikikaribia joto la mwili, kulungu mzima anaweza kupita bila kamera kujua. Nyoka na mijusi miili yao hufuata joto la mahali walipo, kwa hiyo hawa usiwategemee kabisa. Na nyasi zile zilizojaza kadi yangu zilipigwa na jua zikapata joto, kisha upepo ukazitikisa. Kwa kihisi, huyo ni mnyama.

Kabla ya vihisi watu walitumia kamba. Mmarekani George Shiras III, aliyepiga picha za kulungu usiku katika eneo la Ziwa Superior tangu mwishoni mwa karne ya 19, alikuwa akitandika kamba ambayo mnyama akiigusa inafyatua kamera na flashi. Mwezi Julai 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74. Ninamtaja kwa sababu kazi ya sasa haijabadilika kiini chake: ni mnyama mwenyewe anayejipiga picha, na wewe unapaswa kujua mguu wake utatua wapi.

Kuchagua kamera na vinavyoambatana nayo

Wauzaji husifu megapikseli. Usizihangaikie sana. Kamera nyingi hutaja idadi kubwa ambayo imeongezwa na programu tu, lenzi na kitambuzi cha picha vikiwa vya kawaida. Ninachokiangalia mimi ni kasi ya kufyatua, yaani muda tangu kihisi kigundue joto hadi picha ipigwe. Kwenye mapito, ambako mnyama hutembea bila kusimama, tafuta iliyo chini ya nusu sekunde, la sivyo utakusanya picha za mikia. Penye maji, ambako anasimama na kunywa, hata sekunde moja inatosha. Baada ya hapo angalia inachukua muda gani kuwa tayari tena kwa picha ya pili. Wanyama wengi hawatembei peke yao, na wa kwanza kupita mara nyingi ni jike, dume akiwa nyuma kabisa.

Flashi ziko za aina tatu. Nyeupe inatoa picha za rangi usiku, lakini inamshtua mnyama na kumwonyesha kila mtu mahali kamera ilipo. Ya infraredi yenye urefu wa wimbi wa nanomita 850 inafika mbali, ila ukiitazama utaona vidoa vyekundu vikiwaka, na kulungu mzoefu naye anaviona. Ya nanomita 940 haionekani kwa jicho la mtu, nayo bei yake ni picha zenye giza kidogo na umbali mfupi zaidi. Kwenye njia nyembamba mimi natumia ya 940. Kwenye uwanda wazi, ya 850.

Kuna pia kamera zenye laini ya simu zinazokutumia picha papo hapo. Zinakupunguzia safari za kwenda kuvuruga eneo, ila zinakula betri na zinahitaji mtandao. Anza na ya kawaida.

Kwenye betri usibane matumizi. Betri za lithiamu za AA zinashikilia volti 1.5 karibu hadi mwisho, ni nyepesi, na hazilegei kwenye baridi. Za alkali hushuka pole pole, na dalili yake ni hii: kamera inaendelea kupiga vizuri mchana, lakini picha za usiku zinazidi kuwa nyeusi siku hadi siku, kwa sababu flashi ndiyo inayohitaji nguvu nyingi. Ukiona hivyo usiilaumu kamera. Za kuchaji zina volti 1.2 tu, na kamera nyingine huzihesabu kuwa zimekwisha tangu siku ya kwanza, kwa hiyo soma kijitabu cha kamera yako. Usichanganye mpya na zilizotumika hata moja.

Memori kadi ya GB 32 inatosha kwa wiki nyingi za picha. Iformati ndani ya kamera yenyewe, si kwenye kompyuta, na uwe na kadi mbili kwa kila kamera: moja kazini, nyingine mfukoni.

Kusoma ardhi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Mimi huenda porini mara ya kwanza bila kamera kabisa. Nikiwa nayo mkononi macho yanatafuta miti, nisipokuwa nayo yanatafuta wanyama.

Maisha ya kulungu yanazunguka kati ya mahali pa kulala, mahali pa kula na maji, naye husafiri zaidi alfajiri na jioni jua likitua. Wewe unatafuta sehemu ambako safari hizo zinabanwa. Ukingo wa msitu na uwanja. Shingo ya vichaka kati ya mabonde mawili. Mahali pa kuvukia kijito ambapo kingo zimeporomoka zikawa mteremko. Mgongo wa kilima unapoinama, kwa kuwa mnyama naye hapendi kupanda bure. Gogo lililoanguka likawalazimu wote kuzunguka upande mmoja. Pengo kwenye uzio.

Simama kwenye pengo kama hilo uangalie waya. Siku moja nilikuta unywele mmoja umenasa kwenye mwiba wa waya wa chini, nikauvuta taratibu. Chini ulikuwa mweupe, juu kahawia yenye kijivu. Nilipoukunja kati ya vidole ulivunjika pembe kali ukabaki hivyo hivyo, haukurudi kunyooka. Nywele za kulungu zina uwazi ndani, ndiyo maana hukunjika kama bua. Singa za nguruwe ni nene na ngumu, nazo ncha imepasuka. Sikuwa nimeona hata unyayo pale, kwa kuwa ardhi ilikuwa mawe matupu, lakini waya ulikuwa umeshaniambia nani anapita na kwa kimo gani.

Majani nayo yanasema. Kulungu hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo hakati tawi, analibana na kulinyofoa, na ncha inabaki imechanika nyuzi nyuzi. Sungura hukata safi, mshazari, kama kwa kisu. Ukiona matawi yaliyonyofolewa kuanzia magotini hadi kifuani, hapo hujilisha kulungu au ndugu zake. Madume husugua pembe kwenye miti michanga mpaka gome linatoka. Gusa jeraha: likiwa bado na utomvu unaonata, alikuwa hapo karibuni. Kinyesi chenye kung'aa na unyevu ni cha leo au jana, kilichopauka ni cha zamani. Ukingo wa unyayo ukiwa mkali kama umekatwa, ni mpya. Ukiwa umemomonyoka na kuingiwa na vumbi au matone ya mvua, hesabu ilikuwa lini mara ya mwisho kunyesha.

Kisha chuchumaa. Hili watu wengi hawalifanyi. Ukiwa umesimama, kichaka ni ukuta. Ukishusha macho hadi usawa wa goti, ukuta ule ule unafunguka unaona handaki la majani, sakafu yake imelainishwa, na kuta zake zimesuguliwa na mbavu. Hayo ndiyo mapito. Yakikutana mawili, usitafute zaidi.

Nikiwa bado na shaka nafagia kipande cha njia, urefu wa hatua mbili, au namwaga mchanga laini kidogo, kisha naondoka. Kesho yake asubuhi nasoma nani amepita na alikuwa anaelekea wapi. Usiku mmoja wa mchanga umeniokoa wiki nyingi za kamera.

Jambo moja la kuangalia: wala nyama, na chui hasa, hupenda barabara za vumbi na njia za watu, kwa kuwa ni rahisi kutembea. Swala na paa wengi hupendelea vijia vyao vya pembeni. Kwa hiyo ukitega kwenye barabara tu utaamini pori limejaa wala nyama, ukitega vichakani tu utaamini hakuna hata mmoja. Penye maji panategemea majira: wakati wa kiangazi kila mnyama anafika, mvua zikianza madimbwi yanakuwa kila mahali nao wanatawanyika.

Kuhusu kuweka chakula au chumvi ili kuwavuta, msimamo wangu ni kutofanya. Unabadilisha tabia ya mnyama uliyekuja kuitazama, na unawakusanya wengi wagusane midomo mahali pamoja. Huko Marekani Kaskazini kuna ugonjwa wa kulungu unaokula ubongo na kuwakondesha hadi kufa, hauna tiba, na majimbo kadhaa yamepiga marufuku kuwawekea chakula kwa sababu hiyo.

Sasa mti

Ukishajua njia, tafuta mti ulio mita 3 hadi 5 kutoka hapo. Uwe mnene kuliko paja lako, maana mwembamba hutikiswa na upepo na kamera inatikisika nao. Usipopata, simamisha nguzo imara au tumia mawe.

Kimo kinategemea unayemtaka. Kwa kulungu, sentimita 80 hadi 100 kutoka ardhini. Kwa wanyama wadogo kama kanu na nungunungu, sentimita 20 hadi 30. Ukitaka wa kila aina, usawa wa goti ni mapatano mazuri: mkubwa utampata mwili, mdogo hatapita chini ya uwanja wa kihisi. Lenzi iende sambamba na ardhi. Kama ardhi ina mteremko, nayo iinamie hivyo hivyo. Chomeka kijiti kati ya kamera na mti, juu au chini, mpaka ikae.

Usiielekeze ikatize njia kwa pembe ya mraba. Igeuze mshazari, kama nyuzi 45, ili mnyama abaki ndani ya picha kwa muda mrefu zaidi, na upate ubavu na uso badala ya ubavu unaopita kasi. Bado atakuwa anavuka vipande vya kihisi, kwa hiyo hupotezi kitu.

Jua ni adui mkubwa. Kwenye nchi za kaskazini mwa ikweta elekeza lenzi kaskazini, kusini mwa ikweta elekeza kusini, na karibu na ikweta yenyewe cha muhimu ni kukwepa mashariki na magharibi. Lenzi iliyoelekea mashariki itakupa picha nyeupe tupu saa zile zile za alfajiri ambazo kulungu anatembea.

Safisha mbele ya kamera, lakini usifyeke. Funga tawi pembeni kwa kamba badala ya kulikata, na nyasi punguza zile zilizo kati ya lenzi na njia tu. Fikiria pia ukuaji: ukiacha kamera mwezi mzima wakati wa mvua, jani lililo kimo cha kiganja leo litakuwa limefika kwenye lenzi. Na tawi lililo karibu sana, hata likiwa pembeni, usiku linarudisha mwanga wa flashi na kuacha sehemu nyingine ya picha gizani.

Kama nia yako ni kumtambua mnyama mmoja mmoja, tumia kamera mbili, moja kila upande wa njia. Mistari ya ubavu wa kushoto wa chuimilia hailingani na ya kulia, na madoa ya chui vivyo hivyo. Mwanasayansi Ullas Karanth alihesabu chuimilia wa Nagarahole, India, katika miaka ya 1990 kwa kuwatambua kwa mistari yao kwenye picha kama hizi. Ila kamera hizo mbili zisitazamane uso kwa uso, sogeza moja mbele kidogo, la sivyo flashi moja inaipofusha nyingine.

Mipangilio

Anza na tarehe na saa. Kamera nyingi ukitoa betri zinarudi kwenye tarehe ya kiwandani, na picha isiyo na saa ya kweli imepoteza nusu ya thamani yake. Ipe kila kamera jina au namba inayochapwa kwenye picha.

Mimi huweka picha tatu mfululizo kila kihisi kinapoamka, bila mapumziko kati ya tukio na tukio kama niko kwenye mapito. Penye maji au malisho naweka mapumziko ya dakika moja hadi tano, kwani kundi likikaa hapo saa nzima litaijaza kadi. Video ni tamu, inaonyesha tabia ambazo picha haiwezi, lakini usiku inafyonza betri kweli kweli. Ukiitumia, sekunde 10 hadi 15 zinatosha. Unyeti wa kihisi upandishe kwenye joto kali, ushushe kwenye baridi na upepo. Zima sauti zote.

Kujipima kabla ya kuondoka

Pita mbele ya kamera kama angepita mnyama, na hapa sisemi kutembea. Tambaa. Mtu aliyesimama ana joto kubwa na kimo kirefu, atanaswa hata kamera ikiwa imeelekea juu ya vichwa vya wanyama wote. Tambaa kutoka kulia, kisha kutoka kushoto, kisha fungua uangalie picha hizo papo hapo. Kama kichwa chako kiko juu kabisa ya picha, inamisha lenzi. Ukimaliza shika karatasi yenye namba ya kamera, mahali na tarehe, iwe picha ya kwanza ya kadi. Miezi sita baadaye ukiwa na kadi nane mezani utafurahi.

Halafu hakikisha imewekwa kwenye kazi na si kwenye majaribio, na futa mpira wa mlango kabla ya kufunga. Chembe moja ya mchanga kwenye mpira huo inatosha kuingiza maji.

Kuiacha

Kulungu anaishi kwa pua yake. Nenda adhuhuri wakati amelala, vaa glavu za mpira, usikae chini wala kutema mate wala kula hapo, na usitembee juu ya mapito yenyewe. Ingia na kutoka kwa upande. Siku za mwanzo picha zinaweza kuwa chache. Zisikuvunje moyo, wanyama wanazoea. Rudi baada ya wiki mbili au tatu, badilisha kadi na betri, ondoka. Hamu ya kwenda kuangalia kila siku ndiyo inayoharibu sehemu nzuri kuliko mvua na wezi.

Wadudu wataingia. Sisimizi hujenga ndani ya kasha na buibui hutandika utando mbele ya flashi, ambao usiku unawaka kama pazia. Paka grisi kidogo kwenye mkanda, ziba vitundu usivyotumia, na weka ndani kifuko kidogo cha kunyonya unyevu. Tembo huing'oa kamera kwa mkonga, dubu na fisi huitafuna. Walipo hao, tumia kasha la chuma na uiweke juu zaidi ukiiinamisha.

Na watu. Omba ruhusa ya mwenye ardhi au ya mamlaka ya hifadhi kabla ya kufunga chochote, na uulize sheria za uwindaji za mahali hapo. Jimbo la Arizona huko Marekani, kwa mfano, lilipiga marufuku kutumia kamera hizi kusaidia kuwinda kuanzia Januari 2022. Ukinasa picha ya mtu anayepita na shughuli zake, ifute. Funga kamera kwa kebo na kufuli, na bandika kikaratasi kinachoeleza kifaa ni cha nini. Mtu aliyeelezwa huiacha mara nyingi kuliko aliyeshtuka kwamba anachunguzwa.

Mezani na picha

Jiandae kwa picha tupu. Mwaka 2010 watafiti walianza kutega kamera 225 katika Serengeti, watu wa kujitolea duniani kote wakawasaidia kutambua wanyama kupitia intaneti, na karibu robo tatu ya picha hazikuwa na mnyama. Siku hizi kuna programu za bure, kama MegaDetector, ambazo hutenganisha picha zenye mnyama, mtu au gari na zile tupu. Haitakwambia ni mnyama gani. Hiyo inabaki kazi yako, na ni raha yako pia.

Weka daftari: mahali, tarehe ya kufunga na ya kufungua, kimo, mwelekeo. Hesabu usiku wa kazi. Kamera 5 kwa siku 20 ni usiku 100, na kwa hesabu hiyo unaweza kulinganisha bonde na bonde, mwaka na mwaka. Usihesabu picha kama wanyama. Picha arobaini za saa moja zinaweza kuwa za kulungu mmoja aliyependa kivuli, kwa hiyo watu wengi huhesabu tukio jipya pale tu nusu saa inapopita tangu picha ya mwisho ya aina hiyo. Madume utawatambua kwa umbo la pembe, lakini pembe za kulungu huanguka kila mwaka na kuota upya, na katika majira hayo dume asiye na pembe ni rahisi kumwandika jike. Majike tafuta sikio lililochanika au kovu.

Picha zenye ukungu zitazame mara mbili. Mwaka 2005 kamera zilizotegwa katika milima ya Udzungwa, Tanzania, zilinasa sengi mkubwa (aina ya sange, mnyama mwenye pua ndefu) mwenye uso wa kijivu ambaye sayansi haikuwa ikimjua, na mwaka 2008 akatangazwa rasmi kuwa spishi mpya. Alipita tu mbele ya lenzi iliyotegwa mahali pake.

Kabla ya kuwatumia wengine picha, ondoa taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya faili, na usitaje bonde wala kijito kama mnyama ni wa kuwindwa kwa magendo. Jangili naye anasoma.

Muda ukiisha, toa kila kitu: kamera, mkanda, kebo, kamba uliyofungia tawi. Mkanda uliosahaulika unaunyonga mti unavyonenepa. Nami kabla ya kuondoka huchuchumaa tena palepale nilipochuchumaa siku ya kwanza, nikatazama ndani ya lile handaki la majani. Mara ya mwisho nilikuta nyayo zilizokanyaga juu ya alama za magoti yangu, kubwa na ndogo.